Sarafu za Kiinimacho Mkononi: Ganda, Bawaba, Mpira na Sumaku

Maswali haya nimeulizwa na vijana wanaonifuata baada ya onyesho, wengine pale kivuko cha Kamanga hapa Mwanza, wengine kwenye kumbi za sherehe za Ilemela, na wachache kwa simu saa tano usiku nikiwa nimeshalala. Sifundishi mchezo wowote hapa. Ninalinganisha sarafu zilizochongwa kwa ajili ya kiinimacho: zinavyokaa kiganjani, zinavyolia, zinavyoharibika, na zinavyokuumbua mbele ya watu.

Sarafu ya kuchongwa ni sarafu gani?

Ni sarafu halisi iliyopita kwa fundi wa kukereza vyuma ikatoka na siri. Ganda ni sarafu iliyokombwa ndani kutoka upande mmoja na ukingo wake ukatanuliwa kidogo, ikawa kama kifuniko kinachoweza kuvishwa juu ya sarafu nyingine isiyoguswa. Sarafu ya bawaba imepasuliwa vipande viwili vyembamba vinavyofunguka ubavuni, kwa hiyo moja inaonekana mbili. Sarafu ya kukunja imekatwa vipande vitatu vinavyoshikwa na mpira mwembamba unaozunguka ukingoni. Iko ya sura mbili, ambayo pande zote zinafanana au kila upande una rangi yake. Iko yenye kufuli, ambapo sarafu ndogo imejifungia ndani ya kubwa. Na iko yenye sumaku au bati la chuma tumboni.

Kuna watu wanaoita zote hizi "sarafu bandia". Mimi silipendi jina hilo, na polisi akilisikia hatalipenda pia. Bandia ni ile iliyotengenezwa ili itumike dukani.

Kwa nini unatumia shilingi ya simba badala ya mia tano yetu?

Kwa sababu tatu, na ya kwanza ni sheria. Kanuni ya Adhabu ina makosa yake mahususi yanayohusu sarafu, na sitaki mtu akakate fedha inayozunguka sokoni halafu aniambie ni mimi niliyemshauri. Ukiwa na shaka na sarafu yoyote yenye nembo ya Taifa, Benki Kuu ina tawi hapa hapa Mwanza, nenda ukaulize kabla ya kumpelekea fundi.

Ya pili ni madini. Mia tano iliyotoka mwaka 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli. Ukiichonga unavua ile nikeli, na chuma kilichobaki wazi kinapata kutu. Kwa unyevu wa huku ziwani na jasho la mkono, huhitaji kungoja sana. Shilingi ya simba, ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1948 hadi 1952, yenye simba upande mmoja na kichwa cha mfalme wa Uingereza upande wa pili, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli hadi ndani. Ukiikata, ndani ni nyeupe kama nje, haina kutu, na ukingo wake wenye meno unaficha mshono vizuri. Angalia mwaka lakini. Zile za kabla ya hapo, za 1921 hadi 1946, zina madini ya fedha robo ndani yake. Hizo usikate, ni dhambi.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Shilingi ya simba ina upana wa milimita 27.8, na mia tano yetu ni 27.5. Tofauti hiyo mkono hauioni. Kwa hiyo mazoezi yote ya kuficha kiganjani unafanya kwa mia tano ukiwa kwenye daladala ya Igoma, na siku ya onyesho mkono unaikuta shilingi ya simba kama ndugu yake. Uzito ndio unaobadilika: mia tano ni gramu 9.5, shilingi ya simba inakaribia 8. Utaisikia nyepesi siku ya kwanza, basi.

Watu hawataishuku sarafu wasiyoijua?

Wangeishuku kama ningeitoa mfukoni kimya kimya. Mimi naitoa na hadithi. Mzee yeyote wa Magu au Kwimba aliyeuza pamba enzi hizo, au aliyemwona baba yake akihesabu kodi, anamtambua yule simba kabla sijamaliza sentensi. Anaanza kusimulia yeye. Sarafu imeshapita mikononi mwa watu sita (isiyochongwa, bila shaka) kabla mchezo haujaanza. Nusu dola ya Marekani hainipi hilo. Nikiitoa nusu dola, swali la kwanza ni "hiyo umeitoa wapi?" na la pili ni "inabadilishwa shilingi ngapi?"

Kati ya ganda na bawaba, ipi ina mkono mwepesi?

Hapa ndipo ugomvi ulipo, na nitajibu kwa kirefu.

Ganda ni mtumwa mzuri. Halina kinachosogea, halina mpira wa kukatika, halijifungui lenyewe. Ukilivisha juu ya sarafu, mnakuwa na sarafu moja. Ukilivua mnazo mbili. Shida yake ni mdomo. Upande mmoja wa ganda uko wazi, na upande huo haupaswi kuonwa na mtu yeyote, hata mtoto aliyekaa chini mbele yako. Na watoto wa Mwanza hukaa chini mbele yako kila mara. Kwa hiyo ganda linataka usimame ukijua nani yuko wapi. Ukumbini, watu wakiwa upande mmoja, ni raha. Kivukoni, watu wamekuzunguka na wengine wamepanda juu ya mizigo ya mkaa, kila pembe ina jicho.

Jambo la pili la ganda ni kubana. Ganda likiwa limetanuliwa kidogo mno, sarafu inaingia na inakataa kutoka. Utabaki unatikisa mkono kama mtu aliyeungua uji. Likitanuliwa kupita kiasi, sarafu inacheza ndani na kulia, na ukingo unaonekana mnene kwa anayetazama karibu. Kipimo changu ni hiki: vika ganda, geuza mdomo chini, shikilia kwa ncha za vidole viwili. Sarafu ya ndani inatakiwa idondoke yenyewe, bila kusukumwa. Halafu geuza tena, tikisa karibu na sikio. Usisikie kitu. Ganda likifaulu hayo mawili, mshukuru fundi na umwongezee hela ya soda.

Bawaba ni kinyume chake. Haina mdomo wa kuficha muda wote. Ikiwa imefungwa unaweza kuionyesha pande zote mbili, polepole, na inapofunguka, sarafu ya pili inatokea ubavuni kwa namna ambayo ganda haliwezi kabisa. Mara ya kwanza nilipoifungua mbele ya watu, mama mmoja aliyeuza sangara alirudi nyuma hatua mbili. Kwa uzuri, bawaba imeshinda.

Lakini bawaba ina akili zake. Iko inayotumia mpira na iko inayofunguka kwa uzito wake yenyewe. Ya mpira inahitaji msukumo wa kidole, na inarudi kwa nguvu. Usipoipokea vizuri inatoa mlio wa "tik" ambao hakuna sarafu ya kweli inayoutoa. Ya uzito haina mlio huo, lakini inataka mkono ulale kwa pembe fulani. Ukiinua mkono kumpungia mtu, inafunguka. Mwaloni Kirumba, nikiwa katikati ya maneno, nilinyoosha mkono kumwonyesha kijana apishe mkokoteni wa dagaa, na sarafu ya pili ikachungulia kabla ya saa yake. Walicheka kuliko walivyocheka kwa mchezo wote. Nilikunja kitambaa nikaondoka.

Kwa hiyo: watu wakiwa mbele yako tu, na unataka kitu kizuri cha polepole, bawaba. Ukiwa na haraka na mchezo una hatua nyingi, ganda. Mimi siku hizi nabeba ganda, na bawaba naiacha nyumbani hadi niwe na uhakika wa ukumbi.

Mbona sarafu yangu inalia vibaya?

Kwa sababu umeinyang'anya nyama. Sarafu nzima ikigongana na nyingine inalia kwa sauti inayodumu. Ganda tupu linalia juu, jembamba, kama kifuniko cha chupa ya soda. Ganda lililovaa sarafu linatoa "tak" iliyokufa, na sarafu ya bawaba au ya kukunja karibu haina mlio kabisa, maana imekatwa. Watu hawajui wanachokisikia, lakini wanakijua. Anayehesabu chenji kila siku sokoni masikio yake yana kipimo.

Dawa yake si ya fundi, ni ya mchezaji. Gonganisha sarafu za kweli mapema, mara mbili tatu, ili sikio lishibe. Baada ya hapo usigonganishe tena. Weka juu ya kitambaa, au mimina kiganjani badala ya mezani. Nina meza ya kukunja niliyoivisha kanga mbili moja juu ya nyingine kwa sababu hiyo tu.

Sarafu ya kukunja na chupa ya soda: mpira unadumu muda gani?

Hautoshi. Mpira unaokaa kwenye mfereji wa ukingo unachoshwa na joto, na ukiacha sarafu kwenye gari lililoegeshwa juani pale Kenyatta Road saa saba mchana, utaikuta imelegea kama kamba ya viatu. Mpira uliochoka haufungui sarafu sawasawa ikishaingia chupani; inabaki imepinda, na mtu anayeangalia chupa kwa karibu ataona mstari.

Badilisha kabla haujakatika, usingoje. Mimi hubadilisha kila baada ya maonyesho machache, na daima asubuhi ya siku yenye malipo. Vile vimpira vidogo vya madaktari wa meno vinafaa kama vinaingia kwenye mfereji bila kutokeza. Ukivuta sana wakati wa kuvisha unaviua siku hiyo hiyo. Na kamwe usiihifadhi ikiwa imekunjwa.

Kuhusu mkono: sarafu hii ina uelekeo wa kukunjika. Ukiishika kinyume haikunjiki, na mbele ya watu huna muda wa kuitafuta. Tafuta alama kwenye picha yenyewe. Yangu inakunjika sambamba na mgongo wa simba, kwa hiyo kidole gumba kikishapapasa mgongo, nimejua.

Na ya sura mbili?

Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa. Haina kinachosogea, haina mlio mbaya sana kama fundi ameunganisha nusu zake vizuri, na inakaa mkononi kama sarafu. Kazi yote ni kutoigeuza. Anayezoea kuchezesha sarafu vidoleni ana tabia ya kuigeuza bila kujua. Huyo ajifunze kwanza kutuliza vidole.

Nimesikia kuna inayojifunga, hata mtu akiishika haoni kitu. Ni kweli?

Ni kweli kiasi. Duniani mchezo huo unajulikana kwa jina la Scotch and Soda, na toleo lake la kawaida lina nusu dola ya Marekani na sarafu ndogo ya shaba ya Meksiko. Sarafu ya shaba, ambayo upande wake wa pili una sura ya nusu dola, inazama ndani ya ganda la nusu dola na kubana hapo. Mtazamaji akiishika anaona nusu dola. Ili kuitoa unahitaji pete ndogo ya kugongea: unaigonga sarafu juu ya pete na ya ndani inaruka.

Mimi ninayo moja ya kiwandani. Kuishika ni raha, kwa sababu huogopi. Kuitunza ni mateso. Punje moja ya mchanga ikiingia kati ya ganda na sarafu, inajifunga na pete haisaidii tena. Niliwahi kuichezea Malaika, ufukweni, nikiwa kijana na akili haijanitosha. Ilikaa imejifunga siku nne, na niliifungua kwa kuiweka kwenye maji ya moto kisha kuigonga. Mkwaruzo wa siku hiyo bado upo. Pete nayo usiisahau nyumbani. Sarafu iliyojifunga bila pete ni nusu dola ya kawaida tu, na huku kwetu huwezi kununulia hata karanga.

Sumaku?

Kwanza jaribu sarafu zako zote kwa sumaku ndogo. Mia tano inavutwa kwa sababu ni chuma, kwa hiyo haihitaji kuchongwa kitu. Sumaku ikiwa mahali pake, kazi imekwisha. Shilingi ya simba haivutwi. Hapo ndipo fundi anaweka bati la chuma katikati, na sarafu inayojulikana kuwa haivutwi inaanza kutii.

Sumaku za kisasa za neodimiamu zina nguvu kubwa kwa umbo dogo, lakini ni kama vigae: zikigongana zinapasuka. Moto mkali unaziua. Na zitenge na kadi ya benki yenye utepe mweusi wa sumaku nyuma. Mkononi, kasoro yake ni moja: inavuta kisichoitwa. Funguo, saa, pete ya ndoa ya chuma. Niliwahi kumpa mkono bwana harusi, na saa yake ikanikamata.

Ninunue za kiwandani au nimpelekee fundi wa hapa?

Za viwandani, mfano Johnson ya Marekani au Tango ya Argentina, zimepimwa kwa mashine, na ganda la leo linalingana na la kesho. Mkono wako hautabahatisha. Tatizo ni sarafu zenyewe. Nusu dola ina milimita 30.6 na gramu 11.34, kwa mtu aliyezoea sarafu zetu ni sinia. Kiganja changu ni kidogo, na kila nikiificha naisikia inasukuma mfupa.

Fundi wa hapa anakutengenezea kwa sarafu yako na kwa mkono wako. Ukienda Nyakato, eneo la viwanda vidogo la SIDO, utapata watu wenye mashine za kukereza na macho makini, ingawa wengi kazi yao ni bushi za mashine za kukobolea na shafti. Mweleze kwamba unataka wembamba usiotoboka. Siku ya kwanza nilimpa fundi wangu shilingi sita. Nilirudi na maganda mawili mazuri, bawaba moja iliyokuwa ngumu, na vipande vya tatu vilivyotoboka kwenye sikio la mfalme. Hakunidanganya, aliniambia mapema kwamba zitaharibika. Mwingine, ambaye simtaji, aliniambia ni kazi ya dakika kumi, akanirudishia kitu kama kofia.

Ukitaka kujua kama amechonga sawasawa pande zote, pita kwa sonara au mnunuzi wa dhahabu uombe mzani wake. Maganda mawili ya sarafu moja yakitofautiana sana uzito, lile zito ni nene mahali fulani, na sarafu ya ndani itasimama upande.

Watu wa huku wanasema "lete nishike". Nifanyeje?

Uwe tayari, maana watasema. Mtazamaji wa Kisukuma hakupi makofi ya adabu. Bibi mmoja wa Kisesa alinishika kiganja akasema, "Ng'wanawane (mwanangu), fungua huo mkono wote." Huwezi kumkatalia bibi.

Ndiyo maana nikilinganisha sarafu, swali la kwanza si mchezo gani mzuri. Ni hili: nitaitoaje mkononi na kuweka ya kweli, na itachukua muda gani? Ya sura mbili inabadilishwa haraka kwa sababu unabadilisha sarafu moja kwa nyingine. Ganda ni rahisi zaidi: unampa iliyokuwa ndani, na ganda linabaki kwenye mikunjo ya vidole, jepesi. Bawaba ni ngumu, kwa sababu lazima uifunge kwanza, kisha uibadilishe, mambo mawili ndani ya pumzi moja. Ya kufuli unampa yenyewe. Ya sumaku pia, ila asiwe na funguo.

Na mpe kabla hajaomba. Ukimpa baada ya kuomba, umeshachelewa.

Jasho na vumbi?

Futa kwa pamba yenye spiriti baada ya kila onyesho, hasa ndani ya ganda. Usitumie msasa, wala majivu kama sufuria. Unataka sarafu isiwe inang'aa mno. Ganda jipya kando ya shilingi ya mwaka 1949 iliyofifia linajitangaza. Nizibebapo, kila moja ina kipochi chake cha kitambaa. Mfuko wa suruali una nyuzi, na uzi mmoja unatosha kuzuia ganda lisivae.

Nianze na ipi?

Na mia tano isiyochongwa. Najua hukutaka jibu hilo. T. Nelson Downs, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1867 na kuitwa Mfalme wa Sarafu, alikuwa mpiga simu za maandishi kwenye stesheni ya reli, na mikono yake ilijifunza kwa sarafu za kawaida. Mkono usiojua kuficha sarafu nzima hautajua kuficha ganda. Miezi mitatu ya hivyo, kisha ganda.

Hawataniita mchawi?

Huku kwetu hilo si suala la mzaha. Watu wamezoea maajabu ya ngoma, wamewaona Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma za Kisukuma, wakishindana Bujora wakati wa sherehe za Bulabo, wanajua kuna ufundi na mashindano. Jitambulishe kama mchezaji, mwanzoni na mwishoni. Usidai nguvu, usitaje mizimu, na usitumie kitu cha mtu aliyekukasirikia.

Na usicheze mchezo wa kuzalisha pesa mtaani, hata kama una ganda zuri kuliko yote Kanda ya Ziwa. Matapeli wa stendi wamewalia watu akiba kwa maneno hayo hayo. Sarafu moja ikiwa mbili mbele ya mtu mwenye shida, anachokiona si kiinimacho. Atakufuata jioni na elfu hamsini zake akuombe uzifanye laki. Mimi mchezo huo naufanya ukumbini tu, na sarafu za mfalme, ambazo hakuna duka linazipokea.

Unaweza kuniuzia moja ya zako?

Siuzi. Nimebaki na maganda mawili, na moja lina ufa karibu na mkia wa simba. Tafuta shilingi zako nne, za 1948 na kuendelea, tuende Nyakato Jumamosi asubuhi kabla fundi hajaanza kazi za bushi. Mbili uzihesabu zimeshaharibika.